Gari la Kushukia Mlima

2 Juni

Gari limekufa. Safari hii si homa, ni kifo. Fundi alifungua boneti, akatazama, akaifunga polepole, akaniambia, "Mama, pole." Miaka yote ninayomjua fundi huyu hajawahi kunipa pole. Kazi yake ni kunitajia vipuri. Nikajua basi, imekwisha. Injini imepasuka ubavuni, oili imechanganyika na maji.

Hali ni hii, naiandika niione vizuri. Nina mashine ya kupukuchua mahindi, nzima, nzito, imefungwa juu ya tela la magurudumu mawili. Nina wateja kuanzia mashamba ya bondeni hadi kule juu mlimani. Mahindi yanakauka. Na sina cha kuivutia. Mashine yenyewe imelala kwenye karakana ya fundi, chini kule, kwa sababu hakuna wa kuileta nyumbani.

Binti yangu ndiye aliyenipa daftari hili. "Mama, andika. Ukiandika hutagombana na watu." Haya, naandika. Tutaona.

4 Juni

Shemeji alikuja kunipa pole ya gari. Ni mdogo wa marehemu mume wangu, ana trekta, na mashine yangu ameitolea macho tangu kaka yake yuko hai. Alikunywa chai, akaisifu. Akasifu paa. Akasifu hata mbuzi wa jirani. Nikajua huyu anatafuta mlango wa kuingilia. Mwisho akaupata: "Shemeji, sasa mashine utaivuta na nini? Kwa meno?"

Hapo ndipo nilipofungua bakuli langu. Binti yupo, mumewe yupo, wote wanasikia. Nikasema, "Mwezi huu ukiisha sina gari, njoo uichukue mashine, bei ileile uliyowahi kunitajia." Msimu uliopita gari lilikuwa gonjwa, nikakodi magari ya watu, na kukodi kukala kila kitu. Sitarudia. Lakini nani aliniambia niseme vile mbele ya mashahidi? Mdomo uliponza kichwa.

Shemeji alimaliza chai yake haraka, akaondoka kabla sijabadilisha nia.

Mume wangu alipofariki niliitwa mjane wa fulani, basi. Nikiingia dukani: mjane wa fulani. Kanisani: mjane wa fulani, msogezee kiti. Kisha nikaichukua mashine mimi mwenyewe, nikaenda nayo shamba kwa shamba, na siku hizi watoto wakiniona wanapiga kelele, "Mama Mashine!" Nikiiuza, nitarudi kusogezewa kiti.

5 Juni

Upepo mkavu kutwa. Mahindi ya bondeni yakiguswa yanalia kama karatasi.

6 Juni

Niseme habari za dereva. Dereva ni mkwe wangu, mume wa binti yangu, walioana mwaka jana. Zamani alikuwa anaendesha gari la mikate. Kijana mwenye adabu, sikatai. Ila taratibu! Nimembandika jina hilo moyoni, Taratibu. Kobe wakikutana naye barabarani wanampigia honi. Akiwasha gari anatazama kioo hiki, anatazama kile, anarudia cha kwanza, kisha anaomba ruhusa kwa Mungu na kwa serikali ndipo aondoke.

Kukaa naye kiti cha mbele nako ni shughuli. Yeye ananionea haya mimi mama mkwe, mimi namwonea haya yeye mkwe. Hapo katikati mkono wake ukitaka kushika gia karibu na goti langu, kwanza anakohoa.

Nilimwuliza binti, "Huyu mumeo anaogopa magari?" Akanijibu, "Mwulize mwenyewe, mama." Nani akaulize?

8 Juni

Tumeshinda kwenye uwanja wa magari yaliyotumika. Nimerudi miguu imevimba na moyo umevimba.

Nataka pikapu ya dizeli, si kubwa, si ya kifahari, yenye nguvu ya kuvuta. Fundi alitupa mawaidha: dizeli iwashwe ikiwa baridi, maana ikishapashwa moto hata iliyochoka huamka, mfungue kifuniko cha oili injini ikinguruma, ikipumua mvuke kama sufuria, ikimbieni, moshi wa bluu ni oili inaungua.

Ya kwanza, nyekundu, ilivutia kweli. Mimi nasalimiana na muuzaji, mkwe amekwenda moja kwa moja kuweka kiganja juu ya boneti. "Imeshawashwa leo," akasema. Muuzaji akaapa kuwa ni jua tu. Jua lenyewe lilikuwa bado halijapanda juu ya paa. Tukaondoka.

Ya pili moshi wa bluu tupu. Ya tatu mkwe alilala chini yake, akatoka na vumbi kichwani, akasema chesisi, yaani ule mfupa wa chini wa gari, imechomelewa palepale kulabu ya kuvutia inapofungwa. Nikilifunga tela pale, siku moja gari litafika na tela litabaki. Sawa, hapo nilimsifu, ila moyoni. Alichukua muda mrefu mno chini ya lile gari, mpaka muuzaji akaniuliza kama mwanangu mzima.

10 Juni

Leo nimefukuzwa kwa mtu, na nimefukuzwa kwa heshima, jambo linalouma zaidi.

Tuliambiwa kuna mzee anayefuga nyuki, huvuta tela la mizinga kwa pikapu yake. Sasa macho yamepungua nguvu, anaiuza. Tukaenda. Jamani! Rangi yake ni ya maji yaliyooshewa masufuria. Mlango mmoja wa buluu, umetoka kwenye gari jingine. Kiti kimefunikwa kwa gunia. Nikajisikia nimepotezewa siku, na mdomo ukatangulia: "Mzee wangu, hili ni gari au banda la kuku lililopewa magurudumu?"

Mzee hakukasirika. Alisema, "Karibuni chai. Gari haliuzwi tena."

"Haliuzwi kwa nani?"

"Kwako, mama."

Tukanywa chai. Ilikuwa na asali, nzuri sana, na kila nilipomeza nilijiona mjinga. Njiani kurudi mkwe alisema sentensi moja tu. "Chesisi yake haijaguswa, mama."

Nikamjibu sikuja kuoa chesisi.

12 Juni

Mawingu upande wa mlima. Wateja wa kule wamenitumia ujumbe: Mama Mashine, unakuja au tutafute mwingine? Nimewaambia nakuja. Na nini, Mungu ndiye ajuaye.

13 Juni

Nimelipata! Nimelipata gari langu!

Dalali mmoja alikuja mpaka nyumbani na pikapu nyeupe, imeng'aa, matairi mapya, imenyanyuliwa juu. Dalali huyu ana maneno matamu, angekaa karibu na sisimizi wangemfuata. "Mama, injini yake ya zamani tumeitoa, tumeiwekea ya lori dogo. Hii haivuti, inang'oa."

Nikasema maneno matupu sitaki, twende kwenye karakana tufunge mashine yangu. Tukashuka mpaka kwa fundi, tukafunga tela, tukaanza kupanda kuja nyumbani, mlima ule ambao gari la zamani lilikuwa linaupanda kwa kusali. Nyeupe ilipanda kama haina kitu nyuma! Nilipiga makofi. Nilipiga makofi kweli, mtu mzima mimi.

Tulipofika, mkwe akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele, akachungulia ndani, akaenda la pili, akachungulia. Akasema, "Injini ni ya lori, lakini breki ni zilezile za kwanza, za gari dogo. Inavuta. Sijui kama inashika. Tushuke nayo, mashine ikiwa nyuma."

Dalali akacheka. "Kushuka? Bwana mkubwa, hata jiwe linashuka!"

Tulicheka wote, na mimi nilicheka zaidi ya dalali. Mkwe alitabasamu, akapangusa mikono. Binti yangu peke yake hakucheka. Jioni aliniambia, "Mama, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mbona hili limetembezwa mpaka mlangoni?" Nikamwambia ameshaanza kuongea kama mumewe.

15 Juni

Tumepatana na dalali. Nimetoa malipo ya awali, tutalitumia kazini wiki moja, likinifaa namalizia. Mkwe ndiye aliyeomba hiyo wiki. Dalali alikunja uso, nikaona ni ubishi wa bure, lakini nikamwachia mkwe, ili baadaye asiseme sikumsikiliza.

16 Juni

Kazi bondeni. Tumepukuchua kwa wateja wawili. Vumbi limenijaa mpaka kwenye kope. Raha.

17 Juni

Kazi bondeni tena. Kila tukishuka, mkwe anatia gia ya kwanza na kuteremka kama amebeba mayai. Waendesha baiskeli wanatupita. Mama mmoja aliyebeba kuni kichwani alitupita, akageuka kututazama kwa huruma. Nikamwambia mkwe, "Haya, breki ulizokuwa unazililia ziko wapi? Si tumeshuka salama?"

"Tumeshuka salama, mama." Basi.

18 Juni

Vilevile. Gia ya kwanza. Nimehesabu miti yote ya njia hii, naifahamu kwa sura.

20 Juni

Ni usiku, lakini nitaandika, maana nisipoandika sitalala.

Leo tulipanda mlimani kwa mteja wa kwanza wa kule. Kupanda, kama kawaida, gari likang'oa. Mahindi yake yamekauka vizuri, mashine ilifanya kazi bila kusita, na alasiri tukawa tumemaliza. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye miti. Chini kidogo kulikuwa na mteja mwingine anatusubiri, mahindi yake yako uani, hayana turubai. Nilikuwa na haraka.

Mkwe akafunga tela, akakagua kulabu, akazunguka, akakagua tena. Tukaanza kushuka. Gia ya kwanza. Injini inalalamika, gari linatambaa, tone la kwanza la mvua likadondoka kwenye kioo. Nikasema, "Mwanangu, kwa mwendo huu mahindi ya watu yatachipua. Tia gia ya tatu."

"Mama, mzigo uliopo nyuma..."

"Nimesema tia ya tatu."

Alinitazama. Nimekuwa nikiutazama uso ule kichwani tangu jioni. Hakuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu anayetafuta maneno ya adabu na hayapati. Akasema, "Ndiyo, mama." Akakohoa, akatia ya tatu.

Kona ya kwanza tulipita vizuri, na mimi nikajiegemeza, nimefurahi. Baada ya kona ya pili nikasikia harufu, kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Nikamwona anakanyaga breki, anaachia, anakanyaga tena, na mguu unazama mpaka chini. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenijulisha kuwa sukari imekwisha: "Mama, breki hazipo. Shika kwa nguvu."

Upande wangu ni bonde. Upande wake ni ukuta wa udongo, pale mlima ulipochongwa kupitisha barabara. Tela lilikuwa linatusukuma. Nililisikia nyuma yangu, ile mashine yangu, inatusukuma kwa uzito wake wote. Alivuta breki ya mkono, haikusaidia kitu. Akapigana na gia, ikapiga kelele mbaya, ikakataa, akajaribu tena, ikaingia ya pili, na gari likashtuka mpaka meno yangu yakagongana. Mwendo ukapungua kidogo, si wa kutosha. Mbele kulikuwa na kona ya tatu na bonde wazi. Hapo akageuza usukani kuelekea kwenye ukuta, upande wake yeye, akalisugua gari kwenye udongo. Kioo cha pembeni kiliruka. Mlango wake ulilia. Mawe yakaingia ndani. Tuliburuzika hivyo mpaka gurudumu la mbele likaangukia kwenye mtaro, na tukasimama.

Tela lilikuwa limejipinda nyuma yetu, mashine imeegemea ukuta, haijapinduka.

Mkwe wangu hakutazama gari. Alinitazama mimi. "Mama, umeumia?" Mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani, na damu inatoka kwenye kiwiko.

Mimi, Mama Mashine, nikatikisa kichwa tu.

Aliyekuja kututoa ni shemeji na trekta lake. Nilipomwona anakuja nilitamani ule mtaro unimeze. Alishuka, akatazama, akasema, "Kupanda mchongoma, shemeji, kushuka ndio ngoma." Kisha akafunga mnyororo, akafanya kazi chini ya mvua mpaka nguo zikamganda mwilini. Alitutoa sisi na gari, akatoa na mashine, akafikisha vyote nyumbani kwangu, hakutaka hata shukrani. Alipokuwa anaondoka tu ndipo akauliza kama mashine imeumia. Nikamwambia mkono wa tela umepinda, mashine nzima. "Afadhali," akasema. "Mwezi ukiisha naichukua ikiwa nzima."

Lakini alinishika bega aliposema hivyo. Sikujua kama shemeji yangu ana mkono mwepesi vile.

21 Juni

Dalali amekuja. Asali yote imekwisha mdomoni. Anazunguka gari, anashika kichwa. "Nani aliendesha? Alitumia gia gani?"

Mkwe akajibu kabla sijafungua kinywa. "Ni kosa langu. Nilitia gia ya tatu."

Alisimama pale na kiwiko kimefungwa kitambaa, amejitwika lawama yangu, na hakunitazama hata kwa jicho la pembeni. Kama ningenyamaza, mambo yangeishia hapo. Binti yangu angedhani mumewe alitaka kuniua. Shemeji angesema hivyo kila mahali. Na mkwe huyu asingenikumbusha maisha yake yote, namjua sasa.

Nikasema, "Si kweli. Mimi ndiye niliyemwamuru atie ya tatu. Alitaka kunionya, nikamlazimisha. Na wewe dalali, ulituuzia injini ya lori kwenye breki za gari dogo ukatucheka. Gari lako lichukue. Malipo ya awali yatengeneze ubavu wake, kikibaki kitu niletee, kisipobaki kwaheri."

Dalali alibishana kidogo, kwa desturi ya kazi, kisha akaondoka.

Nikabaki na mkwe uani. Nikamwuliza, "Kwa nini ulinisikiliza?"

"Ningekukatalia vipi, mama?"

Kweli, angenikatalia vipi? Tangu aingie nyumba hii hakuna siku niliyomwachia nafasi ya kukataa hata kikombe cha pili cha uji.

"Unaogopa magari?" nikamwuliza. Swali nililoshindwa kuuliza siku zote.

"Naogopa, mama. Naogopa kila siku. Mikate ilikuwa haisemi kitu, lakini sasa nakubeba wewe."

Niliingia ndani. Nimelia, naandika wazi. Sikulia kwa sababu ya gari.

22 Juni

Jua limerudi. Fundi amenyoosha mkono wa tela. Pesa iliyobaki haitoshi pikapu yoyote pale uwanjani.

24 Juni

Nimekwenda kwa mzee wa nyuki kumeza maneno yangu. Nilikwenda na mkwe. Njia nzima nilikuwa napanga hotuba, na nilipofika hotuba yote ikatawanyika. Nikasema, "Mzee, shikamoo. Nilitukana gari lako. Nisamehe."

"Marahaba. Halikusikia," akasema. "Linanguruma sana."

Akatukaribisha chai. Nikamsimulia yote, sikuficha hata ile gia ya tatu. Alisikiliza amefumba macho, nikadhani amelala. Kisha akauliza ni nani atakayeendesha. Nikamwonyesha mkwe. Mzee akampa funguo, akamwambia afunge tela la mizinga, tupu ila zito, ateremke nalo ule mteremko wa nyuma ya nyumba mpaka mtoni na kurudi. Mzee akakaa mbele. Mimi nikapanda nyuma, nimekaa juu ya tairi la akiba.

Liliwaka likiwa baridi, mara moja. Kwenye kuteremka mkwe akatia gia ya kwanza na mwendo mzima hakuibadilisha. Injini ikashika. Hata breki hakuzigusa ila mara chache. Nilijiuma ulimi mpaka mtoni. Wakati wa kupanda lilikwenda polepole, likinung'unika, lakini halikusimama, na moshi wake ulikuwa safi.

"Nyumba njema si mlango," mzee akasema tuliporudi, akanigeuzia uso. "Nitaliuza. Lakini namwuzia huyu. Kadi ya gari itaandikwa jina lake."

Nilihisi masikio yanawaka moto. "Mzee, pesa ni yangu!"

"Najua. Umekuja kunisimulia mwenyewe. Mwenye gari lake haamriwi kutia gia ya tatu. Mimi nimevuta mizinga barabara hizi tangu nina nywele, sitaki nisikie gari langu limeua watu kwa sababu ya adabu."

Mkwe akaanza kukataa. "Mzee, haiwezekani, huyu ni mama yangu, mimi siwezi..." Nikamwambia anyamaze. Kisha nikakumbuka, nikamwomba radhi, nikasema naomba kutembea kidogo.

Nilitembea mpaka kwenye mizinga, nikasimama mbali kidogo, maana nyuki hawajui Mama Mashine ni nani. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa inazunguka haipati pa kutua. Niondoke na gari la jina la mkwe? Siku moja akigombana na binti yangu, mashine yangu itavutwa na nani? Nisipolichukua, mwezi unaisha, mashine inakwenda kwa shemeji, na mimi nakwenda kwenye kiti. Nikawaza vilevile jinsi alivyogeuza usukani kuelekea ukutani, upande wake. Mtu ana nafasi ndogo sana ya kuchagua pale, hana muda wa kufikiri nani ni mama mkwe na nani ni nani. Alichagua.

Nikarudi. Nikasema, "Mzee, andika jina lake."

Mkwe aliinama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa ndala.

26 Juni

Mlimani. Wateja wawili. Banda la kuku linavuta! Lakini polepole, jamani, linapanda kama mtu anayekwenda kudaiwa. Yule mama wa kuni ametupita tena.

27 Juni

Mlimani. Leo nilisema, "Hapo si ungetia ya pili?" Mkwe akakohoa. "Hapana, mama." Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilitoka. Nikatazama dirishani nisije nikaonekana ninacheka.

28 Juni

Mvua ndogo. Mahindi ya watu yako ndani, makavu, yamepukuchuliwa. Nimelala mchana.

30 Juni

Shemeji amekuja, mwezi umeisha. Alilitazama gari lililosimama uani, akalizunguka, akagonga ule mlango wa buluu kwa kidole.

"Hili ndilo?"

"Ndilo."

"La nani?"

Nikavuta pumzi. "La mkwe wangu. Mashine ni yangu, gari ni lake."

Nilisubiri acheke. Nilikuwa nimeshaandaa jibu kali, zuri sana, inasikitisha kwamba halikutumika. Shemeji alifikiri, akamwendea mkwe aliyekuwa anapaka grisi kwenye kulabu, akampa mkono kwa heshima kama anayemsalimu mwenye mji. "Mahindi yangu yako tayari," akamwambia. "Utaniwekea siku gani?"

Mkwe akanitazama. Nikamwambia, "Unaulizwa wewe."

9 Julai

Leo tumemaliza mlima. Mteja wa mwisho kabisa, nyumba ya juu, pale ambapo barabara inaishia. Tulipofunga tela mvua ya kweli ilikuwa imeanza, ile ya kupiga, na barabara imekuwa utelezi. Mteja alitusihi tulale kwake. Mkwe alikwenda kutembea kwa miguu mpaka kona ya kwanza, akarudi ameloa chapachapa, akasema inashukika, ila tutachelewa sana.

Tukashuka. Waipa moja inafanya kazi, ya upande wake. Mimi upande wangu sioni kitu, maji tu. Tela nyuma, mashine juu yake, bonde pembeni, mahali palepale. Ukutani bado kuna mkwaruzo mrefu mweupe, niliuona tulipokuwa tunapanda asubuhi. Injini ikaanza kunguruma ngurumo yake moja, haiongezi, haipunguzi.

Niliposhtuka gari lilikuwa limezimwa. Tuko uani nyumbani. Mvua imekwisha, taa ya jikoni inawaka, binti yangu amesimama mlangoni. Mkwe wangu amekaa kimya mikono mapajani, sijui kwa muda gani, anangoja niamke mwenyewe.

Nilimwuliza tumepita ile kona saa ngapi. Akasema, "Zamani, mama. Ulikuwa umelala."

Nimelala mlima mzima. Mume wangu, Mungu amrehemu, alinipitisha barabara ile miaka na miaka, naye alikuwa dereva hodari, nilimpenda, na hata akiendesha yeye sikuwahi kufumba jicho.